Mgeni Asiyesindikizwa

Mzee Senkondo Msangi alifika Kituo cha Vipokezi saa mbili kasoro asubuhi ya Jumanne, amevaa koti lake la mahakamani, na kwapani amebana faili nene kama mto wa kulalia. Mlinzi wa mlangoni, ambaye ni mashine na amefundishwa kila kitu isipokuwa kusalimia, alimtaka ateme mate kwenye kisahani ili atambuliwe. Mzee aliyatema, lakini pembeni, akasema hakuja kupimwa, amekuja kulalamika.

Dk. Nakijwa Mshana aliitwa ashuke, naye akashuka mbio. Mzee Senkondo alikuwa jirani wa baba yake kule juu Usangi, na mtu wa juu hashuki bondeni kwa gari la kwanza la waya linalopita angani bila neno zito.

"Shikamoo, mzee. Kuna nini? Baba hajambo?"

"Marahaba. Hajambo," mzee akajibu kwa masikitiko. "Hajambo kupita kiasi, na ndilo lililonileta. Nakijwa mwanangu, mmemfanya nini baba yako?"

Nakijwa alishusha pumzi, akamvutia kiti. Ilibidi mzee aanze mwanzo, kwa kuwa hakuwahi kuanza kokote kwingine. Kati ya shamba lake na shamba la Mwalimu Kiangi Mshana, baba yake Nakijwa, kulikuwa na kipande cha ardhi cha upana wa hatua tatu, chenye migomba saba na mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mipakani. Mstari huo ulikuwa umepandwa na marehemu babu zao, mmoja akiwa anaumwa macho. Kesi ilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Ilianza kusikilizwa na binadamu, binadamu wakastaafu, mabaraza yakakabidhiwa mashine inayoitwa Karani, na Karani naye tangu afungwe pale amebadilishwa sikio mara mbili. Watu wa milimani humo hawapigani. Wanashitakiana, na kwao hiyo ndiyo heshima.

"Jana baraza lilikaa," mzee akaendelea. "Nimejiandaa wiki tatu, hata kifungo cha koti nimeshona. Baba yako anaingia hana mkongojo, anatembea kama kijana anayekwenda kuposa. Karani anamwita. Anasimama, anasema, 'Mheshimiwa, namwachia Senkondo. Migomba ni migomba tu.'"

"Karani akasema nini?"

"Alinyamaza! Ile mashine haijawahi kunyamaza. Halafu ikamuuliza mara tatu kama ana hakika, na mara ya tatu ikauliza kama ametishwa na mtu, ikanigeuzia jicho mimi."

"Kwa hiyo mzee umeshinda."

"Nimeshinda," alisema Mzee Senkondo, na mtu aliyepita hapo angedhani anasimulia msiba. "Nimeshinda nini? Mtu ameninunia miaka thelathini na mmoja, jana ananipa mkono, ananiuliza wajukuu hawajambo. Chai imenishinda kunywa. Nimekuja unirudishie mtu wangu."

Nakijwa alijikaza asicheke. Alitoa fomu ya madhara ya dawa mpya ambayo baba yake alikuwa akiijaribu, akapitisha kidole kwenye orodha: kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi, mwasho, kukosa choo. Kuacha kesi hakukuwamo. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya mengineyo, ya neno moja tu. Aliandika "amani", akaliangalia, akalifuta.

Alimpeleka mzee kantini, kwa kuwa kumweleza mtu mzima mambo mazito bila kikombe mkononi ni kumkosea. Mzee alikoroga chai ambayo alikuwa amesema imemshinda, akauliza hiyo dawa hasa ni kitu gani.

"Mwili una milango, mzee," Nakijwa akasema. "Midogo mno, mamilioni kwa mamilioni, kwenye ngozi ya kila chembe. Sisi tunaiita vipokezi. Dawa ni mgeni. Inakuja, inapiga hodi. Nyuma ya mlango kuna watu wawili. Wa kwanza anaitwa protini G. Huyu akisikia hodi anakimbia jikoni, anachemsha chai, na nyumba nzima inatulia. Maumivu yanapoa."

"Mke mwema. Na wa pili?"

"Wa pili anaitwa arestini. Huyu anamsindikiza mgeni, halafu anafunga mlango."

"Mtu muhimu."

"Muhimu, ila msumbufu. Dawa za zamani zilikuwa zinawaamsha wote wawili. Huyu wa pili akiamka anapitapita vyumba vingine: pumzi inapungua, tumbo linafunga, na mwili unaizoea dawa mpaka inakuwa kama maji. Nimekaa miaka tisa natafuta dawa yenye upendeleo. Yaani inayopiga hodi kwa namna ambayo wa kwanza tu ndiye anaisikia. Wa pili anaendelea kulala. Ndiyo hiyo baba amebandikwa nyuma ya sikio wiki sita sasa, kibandiko kipya kila Jumatatu. Nyonga haimuumi, pumzi nzuri, choo kizuri."

Mzee Senkondo alipuliza chai yake taratibu.

"Kwa hiyo mgeni anaingia, anakunywa chai, na hakuna wa kumsindikiza."

"Ndiyo."

"Sasa anaondoka saa ngapi?"

Nakijwa aliweka kikombe chake chini. Swali hilo hakuwahi kuulizwa na profesa yeyote kati ya wanne waliomsahihishia tasnifu. Nao wote walikuwa watu wa kwao, watu ambao hawawezi kuagana na mgeni bila kumfikisha njia panda, na huko njia panda wakaanza mazungumzo upya.

"Haondoki," alisema mwishowe. "Labda kibandiko kitolewe."

"Mwanangu," mzee akasema kwa upole, "mgeni asiyeondoka, ukikaa naye wiki sita, si atafika mpaka chumbani?"

*

Mkurugenzi wa kituo, Dk. Rwezaura, alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye tai tatu na Kiswahili cha kwenye mikutano. Alimsikiliza Nakijwa mpaka mwisho, akacheka mpaka akafuta macho.

"Mgonjwa ameacha kesi! Daktari, hilo si dhara, hilo ni tangazo. Andika, 'Ustawi wa kijamii umeongezeka.'"

"Mkurugenzi, mimi naogopa dawa imevuka. Maumivu ya mwili na uchungu wa moyo vinatumia milango inayofanana. Nyonga imepoa, sawa. Lakini na vile vingine vyote vinavyomuuma mtu..."

"Vikipoa, tatizo liko wapi?" Rwezaura aliacha kucheka, na hapo ndipo alipokuwa mgumu, kwa sababu hakuwa mjinga wala mtu mbaya. "Jumatatu ijayo vinu vya mkoa mzima vinapokea fomula yako. Mtu atatema mate kwenye zahanati ya kijiji chake, kinu kitamsagia dawa inayolingana na milango yake, aende nyumbani akiwa mzima. Mgonjwa wako mwingine, Mama Nanzia wa Kisangara, amembeba mjukuu wake kwa mara ya kwanza, unajua? Mgongo ulikuwa umemkatalia. Ukisimamisha jaribio, utampigia simu wewe umwambie amrudishe mtoto chini?"

Nakijwa alichukua fomu yake. Alirudi mezani kwake, akakaa, akaanza kujiona mwenye hatia kwa jambo dogo ambalo hakumwambia mkurugenzi.

Jambo lenyewe lilikuwa simu. Tangu mama yake alipofariki, miaka minne iliyopita, baba yake alikuwa akimpigia kila siku saa kumi na mbili asubuhi ili kulalamika. Alilalamikia jogoo wa jirani, mahubiri ya mchungaji, mvua kwa kunyesha na mvua kwa kutonyesha, na uji wa Nakijwa, ambao hakuwa amewahi kuunywa tangu mtoto huyo ahame. Wiki sita sasa simu haikulia. Nakijwa akimpigia yeye, anaambiwa "salama tu, mwanangu", na simu inakatwa kwa furaha. Na yeye, badala ya kushtuka, alikuwa ameanza kulala mpaka saa moja.

Alifungua mkataba wa ridhaa wa baba yake, apate angalau kuona alikubali nini. Ulikuwa na vifungu kumi na tisa. Wagonjwa wengine wote walikuwa wameruka moja kwa moja hadi mahali pa kusaini. Mwalimu Kiangi alikuwa ameusoma wote, amesahihisha koma kwa wino mwekundu, na mwisho ameongeza kifungu cha ishirini kwa mkono wake:

*"Endapo mimi, Mwl. Kiangi Mshana, nikiwa natumia dawa hii, nitaacha kwa hiari yangu Shauri Namba 14 dhidi ya Senkondo Msangi, basi ichukuliwe kwamba aliyeacha si mimi. Kuanzia siku hiyo neno langu kuhusu dawa hii lisihesabiwe. Aulizwe huyo huyo Senkondo Msangi, na neno lake ndilo liwe langu, kwa kuwa yeye ni mwongo katika habari za mipaka tu, na hakuna binadamu aliye hai anayenijua kama yeye."*

Chini palikuwa na sahihi, alama ya dole gumba, na muhuri wa shule ya msingi iliyofungwa zamani. Pembeni palikuwa na sahihi mbili zaidi. Moja ilikuwa ya Rwezaura. Nyingine ilikuwa yake mwenyewe, na aliikumbuka siku hiyo: alisaini huku akicheka, akisema baba na mambo yake.

Aliupeleka mkataba kwa mkurugenzi. Rwezaura aliusoma mara mbili, akalegeza tai.

"Hiki kifungu hakina nguvu."

"Umekisaini, Mkurugenzi."

"Nilisaini karatasi mia na hamsini siku ile!"

"Kina na muhuri," Nakijwa akasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akajisikia mtoto wa Mwalimu Kiangi.

*

Jumatano walipanda pamoja kwa gari la waya, Nakijwa na Mzee Senkondo, faili limekaa katikati yao kama abiria wa tatu. Mzee alikuwa ameshasomewa kifungu cha ishirini. Walipopita juu ya msitu alitoa leso, akasafisha miwani ambayo ilikuwa safi.

"Ati mwongo katika habari za mipaka," alinong'ona.

Walimkuta Mwalimu Kiangi yuko juu ya ngazi, anatengeneza mfereji wa bati huku anaimba sauti ya pili ya kwaya bila ya kwanza. Moyo wa Nakijwa ulijaa alipomwona. Baba huyu kwa miaka kumi na mmoja alikuwa hawezi hata kuvaa soksi mwenyewe. Alishuka ngazi kama mtu wa miaka arobaini, akamkumbatia binti yake, kisha akamkumbatia Senkondo. Senkondo alikauka kama kuni.

"Karibuni! Karibuni sana! Jirani, umekonda, kuna nini?"

Senkondo alijitoa mikononi mwake. Alichukua jembe lililoegemezwa ukutani, jembe la Mwalimu mwenyewe, akaenda mpakani. Aling'oa isale moja ya mstari ule wa masale. Akaishika mkononi, akageuka kumwangalia Mwalimu. Mwalimu alimpungia mkono. Senkondo akaingia hatua tatu ndani ya shamba la mwenzake, akasimama. Akaongeza mbili. Akachimba shimo katikati ya kahawa ya Mwalimu Kiangi Mshana, akaipanda isale pale, akaishindilia kwa kisigino, akasubiri.

Nakijwa naye alisubiri. Zamani, kwa nusu ya hatua moja, baba yake angekuwa ameshaita kijiji.

"Imekaa vizuri hapo," Mwalimu akapaza sauti. "Imwagilie, jua ni kali."

Mzee Senkondo alirudi polepole, akakaa kwenye kizingiti bila kukaribishwa. Alijifuta udongo mikononi. "Umeona?" akamwambia Nakijwa. "Mmeona wenyewe ninyi wasomi? Huyu ameondoka. Hapa amebaki mtu anayefanana naye."

Nakijwa alitaka kumjibu kisayansi. Lakini macho yake yalikuwa yameshakwenda upande wa chini wa nyumba, kwenye kaburi la mama yake. Kutoka mlangoni mpaka pale ni hatua arobaini. Kila Jumamosi, kwa miaka minne, Mwalimu Kiangi alikuwa akizitembea hizo hatua arobaini kwa mkongojo, akitukana nyonga yake njia nzima, ili kufagia kaburi la mkewe. Mvua ikinyesha alifagia matope. Sasa majani makavu ya migomba yalikuwa yamelala pale tabaka juu ya tabaka. Nakijwa alishuka, akainama, akayapekua kwa mikono kutafuta jina la mama yake, na hakulifikia upesi.

"Baba," alisema aliporudi, mikono imejaa vumbi. "Kaburi la mama halijafagiliwa."

"Ah, lile." Mwalimu alitabasamu. "Mama yako amepumzika. Na mimi nimepumzika."

"Umemsahau?"

"Hata! Nakumbuka kila kitu. Alivyokuwa anacheka, alivyokuwa anaficha ufunguo. Haiumi tu, mwanangu. Dawa yako nzuri sana."

Nakijwa alikuwa ameisubiri sifa hiyo miaka tisa. Alikwenda nyuma ya jiko akalia.

*

Waliketi watatu sebuleni, mkataba mezani. Nakijwa alisoma kifungu cha ishirini kwa sauti. Baba yake alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa mahali penye hoja.

"Kifungu kizuri," alisema. "Kimeandikwa na nani?"

"Na wewe, baba."

"Alikuwa na hati nzuri."

Nakijwa alimwangalia, akapitisha mkono usoni. Bado alijaribu, kwa kuwa alikuwa mtafiti na mtoto, na wote wawili ni wagumu kukata tamaa. "Baba, wewe unatakaje? Tukitoe kibandiko?"

"Sawa tu."

"Nyonga itarudi kuuma."

"Sawa."

"Na tukikiacha?"

"Sawa pia."

"Na nikikuambia nataka kuibomoa hii nyumba nifuge bata?"

"Bata wazuri, mwanangu. Usisahau bwawa."

Basi neno lilibaki kwa Mzee Senkondo. Alikuwa amevua koti, amelikunja magotini, anachezea kile kifungo alichokishona kwa ajili ya kesi.

"Mnanipa kazi ya kikatili," alisema. "Mimi huyu mtu nimemwona akipanda hizi ngazi tatu za mlangoni kwa makalio. Kinyumenyume, ngazi moja, anapumzika, ngazi ya pili. Nilikuwa nachungulia kwenye migomba. Yeye hajui. Nikisema kitoke, namrudisha pale. Na watu watasema Senkondo amefanya hivyo kwa ajili ya kesi."

"Na ni kwa ajili ya kesi?" Nakijwa akauliza.

Mzee alifikiri. Alikuwa mtu wa haki nje ya zile hatua tatu.

"Nusu," alisema. "Siongopi, nusu. Nikiamka sina wa kumjibu, siku inakuwa ndefu. Lakini nusu ya pili ni mama yako. Siku tulipomzika, huyu hakulia. Waombolezaji wakamsema, mtu gani huyu, jicho kavu. Kesho yake asubuhi akaja mpakani akanitukana. Alinitukana mimi, baba yangu, na migomba yangu mmoja mmoja, tangu jua linachomoza mpaka saa sita mchana. Mke wangu akasema nijibu. Nikamwambia niache. Nilisimama pale na jembe langu nikamsikiliza mpaka akachoka." Alimgeukia Mwalimu, ambaye alikuwa anamsikiliza kwa tabasamu la mgeni mwema. "Nilijua unalia, Kiangi. Ulikuwa huna namna nyingine. Sasa hata hiyo wamekunyang'anya."

Mwalimu Kiangi alimpigapiga bega. "Pole, jirani," alisema kwa moyo mkunjufu. "Pole sana."

Mzee Senkondo alisimama. "Kitoke," alisema.

Alikibandua yeye mwenyewe, kwa ukucha, polepole kama anayemtoa mtoto mwiba. Mwalimu alisema asante.

Nakijwa alimwachia baba yake vidonge vya zamani, vile vinavyoamsha wote wawili nyuma ya mlango, akashuka bondeni. Alhamisi asubuhi, kabla ya kuandika taarifa, alipiga simu Kisangara. Alipokea binti wa Mama Nanzia.

"Mama hajambo kabisa, daktari. Anambeba mtoto kutwa."

"Na mtoto?"

Binti alishusha sauti. "Mtoto akilia, mama anamwangalia tu anacheka. Juzi alilia mpaka sauti ikakauka. Kumbe alikuwa amebanwa na pini. Mama alikuwa amembeba muda wote huo. Hiyo nayo ni ya dawa, daktari, au ni uzee?"

Nakijwa aliandika kwamba ni ya dawa, kisha akawapigia wagonjwa wengine kumi, na majibu yakafanana. Kwenye fomu alichora safu mpya kwa rula, akaiita "uchungu", na humo akaandika, kwa wagonjwa wote kumi na wawili, "umepotea". Halafu akazima fomula ya vinu kwa namba yake ya siri kabla mtu hajamwambia asubiri. Rwezaura alisoma taarifa amesimama. Alisema miaka tisa, akasema mkoa mzima, akasema Nakijwa asubiri barua. Akaondoka. Baada ya dakika tano akarudi, akauliza kama kuna namna ya kumwamsha huyo wa pili kidogo tu, hata mara moja kwa siku, amkumbushe mgeni kwamba kuna kuaga. Nakijwa alisema hajui. Rwezaura akavua tai, akaketi, akasema basi amwonyeshe tena ule mlango.

*

Jumamosi, saa kumi na mbili kamili asubuhi, simu ililia.

"Nakijwa! Umelala?"

"Shikamoo, baba."

"Shikamoo ya nini, mimi nakufa! Nyonga inanichoma kama pasi. Tumbo limefunga kwa vidonge vyenu vya kizamani. Na nani amehamisha isale yangu? Nani? Imepandwa katikati ya kahawa! Nimemwona yule Senkondo amejisimamia kule anatabasamu, mwizi mkubwa! Unacheka? Nakijwa, unacheka au unalia?"

"Vyote, baba."

"Acha vyote. Chagua kimoja." Nakijwa alisikia pumzi yake, nzito, ya mtu aliyeegemea kitu. "Nimetoka nje," Mwalimu akasema. "Nimeona kule chini."

"Najua, baba."

"Jumamosi sita, Nakijwa. Sita. Nilikuwa mzima, nakimbia na ngazi, na sikwenda."

Nakijwa hakutafuta neno la kumpoza. Dirishani kitu kiligonga. Ilikuwa droni ya baraza, imeshika wito kwenye kucha zake, inangoja dole gumba. Mwalimu Kiangi alikuwa ameshafungua shauri kabla hajapiga simu.

Shauri Namba 15. Mdaiwa wa kwanza: Dk. Nakijwa Kiangi Mshana. Mdaiwa wa pili: Senkondo Msangi, kwa kung'oa isale, hata kama alitumwa na sayansi. Mdai hataki fedha. Anataka, kwanza, mdaiwa wa kwanza atengeneze dawa yenye adabu, inayojua kuaga. Pili, mdaiwa huyo apande mlimani Jumamosi sita mfululizo kuanzia leo, na afagie pamoja na mdai kile ambacho hakikufagiliwa. Chini kabisa Karani alikuwa ameongeza mstari wake mwenyewe: *Mdai aliulizwa mara moja tu kama ana hakika.*

Saa tatu Nakijwa alikuwa kaburini na ufagio. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda alichokiburuta hatua zote arobaini, mkongojo magotini, anatoa amri. Ng'ambo ya mpaka Mzee Senkondo alikuwa amevaa koti lake, anasoma faili kwa sauti ya kusikika, ukurasa baada ya ukurasa, na Mwalimu alimpinga kila koma bila kugeuka. Jina la mama lilianza kuonekana chini ya majani, herufi moja moja. Lilipotoka lote Mwalimu aliacha kubishana. Aliliangalia muda mrefu, na machozi yakamtoka mbele ya jirani yake, mchana kweupe, akayaacha.

"Inauma," alisema.

Nakijwa alisimamisha ufagio. "Nyonga, baba?"

"Nyonga pia," alisema, akamwonyesha kwa mkongojo jani aliloliruka.